Abiria wa Luanda

Baiskeli niliyoingia nayo kwenye msafara ule wa mashindano ya baiskeli, Kisumu hadi Busia, ilikuwa ya mjomba wangu. Black Mamba, chuma kitupu, gea moja, breki za fito zinazoshuka kutoka usukani hadi kwenye rimu, na nyuma karia pana yenye mto mwekundu wa abiria. Hata bila mtu juu yake ilipita kilo 20. Mjomba aliitumia kubeba watu mpakani Busia, kulekule ambako biashara ya bodaboda ilizaliwa miaka ya 1960, vijana wakivusha wasafiri kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008, wateja walimhama mmoja mmoja, na baiskeli ikarudi nyumbani kuchota maji.

Nilipomwomba anipe, alinitazama juu hadi chini. "Chukua, mpwa wangu. Ila huo mto usiutoe. Ukiutoa, karia italia njia nzima."

Sikuutoa.

Alfajiri tulijipanga kwenye Barabara ya Oginga Odinga. Wenzangu walivaa nguo za kubana na helmeti zenye matundu, na baiskeli zao ungeinua moja kwa mkono mmoja huku unakunywa chai. Namba yangu niliifunga kwa uzi mbele ya usukani. Msimamizi mmoja akanipungia mkono nisogee kando: njia imefungwa, wenye kubeba mizigo wazungukie nyuma. Nikamwonyesha namba. Akaisoma, akautazama mto, akaisoma tena.

Kutoka mjini hadi Otonglo na Kisian barabara ni tambarare na nilikwenda vizuri tu. Baada ya hapo ndipo safari yenyewe. Ziwa liko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Maseno ni kama 1,500, na gea yako ni ileile moja. Unasimama juu ya pedali mpaka magoti yakatae, kisha unashuka unasukuma. Katikati ya mlima pedali ya kulia ikaanza kugonga, ko, kila mzunguko. Kota pini, ile inayoshikilia mkono wa pedali, imelegea. Fundi wa chini ya mwembe hakuuliza hata swali: alikata kipande cha mkebe wa kinywaji, akakizungushia pini, akaipigilia kwa nyundo, akakaza nati na kudai shilingi ishirini. Pembeni yangu kulikuwa na kijana wa baiskeli ya gea nyingi, mkono wa kubadilishia gea umepinda na kuingia kwenye spoku. Fundi aliizunguka baiskeli ile mara mbili, akasema ni nzuri sana, akarudi kuketi. Kijana akabaki kulisubiri lori la kuokota waliokwama.

Ikweta inapita Maseno. Kibao chake nilikipita nikisukuma, kwa hiyo nusu ya kaskazini ya dunia niliingia kwa miguu.

Luanda ilikuwa imejaa watu. Nilisimama kununua ndizi, nikiwa bado nimeshika usukani, nikasikia baiskeli inainama. Nikageuka. Mama mmoja ameketi upande kwenye mto, kikapu cha omena kwenye mapaja, leso imekazwa vizuri.

"Kijana, Yala ni pesa ngapi?"

"Samahani mama, mimi niko kwenye mashindano."

"Mashindano na nani?"

"Na hao waliopita."

"Hao wamepita kitambo." Akakipanga kikapu chake. "Basi hatuna haraka. Twende polepole."

Ningemjibu nini? Nilipanda. Na niseme kweli, Black Mamba ikiwa na mtu nyuma ndiyo inatulia. Iliundwa kwa kazi hiyo, na mkiwa wawili haiyumbi wala haipigi kelele. Sehemu kubwa ya njia ni mteremko, na mama alikuwa akinipigia kengele kwa mdomo kila tulipokaribia ng'ombe. Msimamizi wa pikipiki alitufikia, akaenda sambamba nasi kwa muda bila kusema neno. Mwishowe akauliza kama huyu naye amesajiliwa. Mama akamwambia asimsumbue dereva. Sheria za msafara nilizisoma jioni ya kuamkia safari, na hakuna mahali zilipokataza abiria; aliyeziandika hakuwa anawaza baiskeli ya aina hii.

Yala alinilipa shilingi thelathini. Nilikataa, akanitia hela mfukoni mwenyewe na kuniambia niache maringo.

Mvua ilinikuta baada ya Ugunja, ile ya mchana ya kwetu isiyopiga hodi. Rimu ya chuma ikilowa, breki za fito ni pambo tu. Nikaufuata mteremko wa kwenda Mto Nzoia nikiburuza soli ya kiatu cha kulia kwenye gurudumu la nyuma, kama mjomba alivyokuwa akifanya, na darajani nilifika soli imeliwa hadi soksi. Bumala nilinunua ndala.

Busia walikuwa wanakunja mahema. Dada aliyekuwa mezani alinipa medali yangu, akanitafuta kwenye orodha, akaandika muda. Kisha akaniuliza nikishapumzika nitamtoza ngapi kupeleka viti vile stendi.

Viti tulivipeleka kwa awamu, na aliongeza soda. Kazi iliyobaki ilikuwa kurudi Kisumu. Kondakta wa matatu alidai nauli ya baiskeli sawa na ya mtu mzima.

"Lakini hii haikai kitini," nikamwambia.

"Yenyewe ilipokubeba wewe, ulikaa wapi?"

Tukavutana mpaka watu wa ndani wakaanza kulalamika. Tulikubaliana nusu nauli, kwa sharti nipande juu niifunge mwenyewe kwa mipira, na ikianguka njiani hanijui.