Landrova 109 iliyovuka mto Kagera, nilivyoifufua na injini yake ileile

Hii Landrova 109, yaani ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, niliinunua Mbagala kwa mzee mmoja, ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba yake chini ya mwembe miaka mingi, matairi yamezama mchangani na kuku wanatagia kwenye bodi. Ye mwenyewe aliipata mnadani zamani, akaipiga rangi nyeupe, akabebea mbao mpaka gia boksi ikamshinda. Mi nilitaka gari ya kwendea shamba Mkuranga, basi. Habari za vita sikuwa nazo kichwani kabisa.

Sasa siku naanza kupiga msasa, chini ya nyeupe ikatoka bluu, chini ya bluu ikatoka kijani ya jeshi, na kwenye bampa ya mbele namba zikaanza kujitokeza moja moja. Nikaacha msasa palepale nikaenda kumwita jirani yetu hapa Tabata, mzee aliyestaafu jeshi, alikuwa dereva. Nikamwamkia, akaja na kanzu yake ileile ya Ijumaa, akainama kwenye bampa akasoma, kimya, halafu akazunguka gari nzima akafungua chini ya siti zote mbili za mbele akanionyesha matangi mawili ya mafuta. Akaniambia mwanangu, hii ilikuwa kikosini kwetu, ilivuka Kagera hii.

Kwa sisi tuliozaliwa baadae, Kagera ni habari ya darasani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia, yakachukua eneo lote la kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800, tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mzee alivyokuwa anasimulia wala hakuanza na bunduki, alianza na tope. Mvua za Novemba zilikuwa zinanyesha, malori yanazama mpaka kwenye ekseli, wanakata matawi wanatandika chini ya matairi, na hizi 109 ndo zilikuwa zinatumwa mbele na chakula, redio, na kurudi na majeruhi. Februari 1979 wakaingia Masaka, tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Alipofika kwenye majeruhi alisimama kidogo, akaniomba maji. Sikumuuliza tena hilo.

Baada ya pale nikajua siwezi kuifanya kama nilivyopanga. Maana mpango wangu ulikuwa ule wa kila mtu hapa Dar, unatoa injini ya Landrova unatupia ya Toyota ya dizeli, unaondoka. Fundi wa kwanza alishanipa mpaka bei. Nikamwambia hapana, injini hii hii, petroli, silinda nne, cc 2,286, itafunguliwa na itawaka. Akaona namsumbua, akanirudishia funguo.

Kilichonitesa kuliko vyote ni kutu, na hapa naomba mwenye Landrova anisikilize vizuri. Watu wanasema Landrova haiozi kwa sababu bodi ni aluminiamu, ni kweli aluminiamu haishiki kutu, Waingereza waliitumia kwa sababu baada ya vita kuu ya pili chuma kilikuwa cha mgao, lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni chuma, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi kama ya kwetu, aluminiamu inaliwa inakuwa unga mweupe. Yaani nilikuwa nachomoa ribiti inatoka na kipande cha bati. Chesisi nyuma ilikuwa imebaki kama karatasi. Tulishusha bodi yote, fundi wa Gerezani akakata sehemu zilizooza akachomelea chuma kipya, tukapaka praima mara mbili, na kila mahali bodi inapokaa juu ya chuma tukaweka mpira wa tyubu ya baiskeli. Hiyo ya tyubu ni akili ya fundi mwenyewe, na mpaka leo inashika.

Kitu kingine ni spana. Hizi gari nati zake ni za inchi, ukija na spana za milimita unazila kona zote halafu unaanza kukata kwa patasi. Nilizunguka Kariakoo siku mbili kutafuta seti moja ya inchi, nikaipata ya mtumba, na hiyo seti siazimishi mtu.

Umeme nao, Landrova nyingi za miaka ile ya sitini betri inafungwa chanya kwenye bodi, sio hasi kama tulivyozoea. Fundi umeme mmoja alifunga kwa mazoea, dainamo ikaungua. Ikasukwa upya.

Injini ilipofunguliwa, silinda zilikuwa na mkwaruzo mdogo tu. Ringi mpya, metali mpya, valvu zikasagwa, kabureta ikasafishwa, jumla ilichukua miezi minne kwa sababu ya kusubiri gasketi. Siku ya kuiwasha betri ilikuwa dhaifu, yule mzee jirani akasema iko hendeli, akaiingiza mwenyewe kwenye tundu la bampa, mizunguko mitatu, ikashika.

Rangi ya kijani ya jeshi sikurudisha, mimi ni raia. Nimeipiga krimu, ila kipande cha bampa chenye namba nimekiacha kama kilivyotoka, nimekipaka vanishi juu.

Jumapili iliyofuata mimi na yule mzee jirani tukavuka feri kwenda Kigamboni. Nilipompa usukani hakubisha. Gia ya kwanza na ya pili kwenye hii gari hazisaidiwi, lazima ukanyage klachi mara mbili, mi bado zinanigugumia, ye alizipitisha kama anakata siagi. Mchanga ulipokuwa mwingi akasimama, akavuta ile lever nyekundu ya kuingiza gia nzito bila kuangalia chini, tukaingia ufukweni taratibu, akaniambia, "Ona, hukanyagi mafuta mengi. Unaiacha ijivute yenyewe."