Magadi, pakiti ya chumvi na futikamba: kulinda moyo katika jiko la Moshi

Uliza mtu wa Moshi au Arusha ni chakula gani kinaharibu moyo, atakutajia nyama choma na kitimoto. Hatakuwa amekosea, ila hivyo wengi hula mara mojamoja. Mimi huanza na kile kinachoingia sufuriani kila siku bila kupimwa, na hapo cha kwanza ni sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 2 za sodiamu kwa siku. Hiyo ni chumvi chini ya gramu 5, yaani kasoro ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Hakuna mpishi atakayepima sahani kwa sahani, kwa hiyo pima pakiti. Andika tarehe juu yake siku unapoifungua. Watu wazima watano wana gramu 25 kwa siku, basi pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Ikiisha kwa siku 10, mnakula maradufu. Na bado mkate, soseji na viungo vya mchuzi vya kipande havimo kwenye hesabu hiyo. Kipande kile karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukikitia, usitie chumvi nyingine. Ukijumlisha vyote hivyo, pakiti hiyo ilipaswa kufika mwezi.

Halafu kuna magadi, ambayo hayatajwi kabisa. Kiburu, yaani ndizi na maharage, kinapikwa nayo, na maharage au makande yakigoma kuiva mkono unayakimbilia. Gramu 5 za magadi zina takriban gramu 1.5 za sodiamu, robo tatu ya kiwango cha mtu mmoja kwa siku. Kwa kuwa hayana ule ukali wa chumvi ulimini, mpishi huongeza chumvi juu yake. Magadi hulainisha maharage kwa kuyeyusha kinachoshikanisha chembe zake, lakini huharibu pia vitamini B1.

Njia nyingine ipo, inataka kupanga tu. Loweka maharage jioni, yakae kwa muda wa saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza, kisha punguza moto. Chumvi iingie mwishoni. Kwa kiburu, maharage yaive kabisa ndipo ndizi zifuate. Kama umeloweka na bado ni magumu, huenda yamekaa ghalani muda mrefu. Badilisha muuzaji, usiongeze magadi.

Huku kwetu hakuna uhaba wa potasiamu, inayosaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo: ndizi, maharage, mnafu, mchicha, parachichi. Mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee vyakula hivi kabla ya kuongea na daktari, maana potasiamu ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo. Parachichi mafuta yake ni mazuri, lakini ni mafuta. Nusu tunda kwa mlo inatosha.

Mtori wa supu ya mifupa una tatizo moja tu, ule utando wa mafuta. Chemsha supu leo, iache ipoe, iweke kwenye friji. Asubuhi mafuta yameganda juu. Yaondoe kwa kijiko, kisha upike ndizi. Ladha haipungui sana. Kwa kukaangia, alizeti kuliko mafuta yanayoganda, na lita moja kwa watu watano ikae karibu wiki nzima: hiyo ni vijiko viwili vya chakula kwa mtu kwa siku. Mafuta ya chipsi yaliyokuwa meusi hayafai hata kwa kuunga mchicha.

Kahawa pia. Ile ya kuchemshwa na machicha yake ina mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya. Ikipita kwenye karatasi ya kuchujia, sehemu kubwa ya mafuta hayo hubaki kwenye karatasi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, na bia hupandisha presha, na zote mbili hunenepesha.

Kuhusu mwili wenyewe, mizani pekee haitoshi. Chukua futikamba ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, soma. Hatari huanza kupanda kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Najua kitambi bado kinasifiwa kama dalili ya maisha mazuri, lakini mafuta yaliyozunguka ini na utumbo ndiyo yanayovuruga sukari na presha. Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ukipandisha kutoka mjini Moshi kuelekea Shanty Town, mlima utakusaidia kuongeza juhudi.

Presha pimwa ukiwa umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda wa kipimo kwenye ngozi, si juu ya nguo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kikijirudia siku tofauti, nenda kliniki hata kama husikii chochote, kwa sababu presha mara nyingi haitoi dalili. Ukishapewa vidonge, kipimo kizuri maana yake vinafanya kazi. Wengi huviacha hapohapo na presha inarudi. Kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi, lakini hakishiki nafasi ya kidonge.