Arobaini na tundu la moyo

Siku mzazi anapotoka arobaini hapa Mombasa, nyumba hujaa watu. Mtoto keshaogeshwa, katiwa wanja, anapokezanywa paja kwa paja, na kila shangazi ana neno lake: mbona mwembamba, mbona jasho hivi. Maneno hayo mawili hupita haraka kwa sababu majibu yake yako tayari. Mwembamba, basi maziwa ya mama hayatoshi. Jasho, basi ni joto la mji. Mara nyingi ni kweli. Lakini wiki hiyo ya sita ndiyo hasa wiki ambayo moyo wenye tundu kubwa huanza kujitangaza, hata kwa mtoto aliyetoka hospitali akiwa ameandikwa mzima.

Ndani ya tumbo mapafu hayana kazi. Yamejaa maji, na mishipa yake ya damu imebana. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, mishipa hiyo huanza kulegea, ila hailegei siku moja. Huchukua kama wiki sita hadi nane. Katika muda huo nguvu ya damu upande wa kulia wa moyo bado iko karibu na ile ya kushoto, kwa hiyo hata ukuta wa vyumba vya chini ukiwa na tundu, damu haina sababu kubwa ya kuvuka. Daktari anasikiliza kifua siku ya pili, hasikii kitu, na wala hajakosea. Mishipa ya mapafu ikishalegea vizuri, damu ya kushoto inapata njia ya mteremko: badala ya kwenda mwilini, sehemu yake inapita tunduni na kurudi mapafuni. Mapafu yanalowa, moyo unazungusha damu ile ile mara mbili, na mtoto anachoka kwa kazi asiyoonekana kuifanya.

Karibu mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na kasoro ya moyo ya aina fulani, na tundu la ukuta huo wa chini ndilo lililo la kawaida zaidi. Mengi ni madogo, na mengi ya hayo madogo hujifunga yenyewe mtoto anapokua. Kuna jambo hapa linalowachanganya wazazi: tundu dogo ndilo lenye kelele. Damu ikipenya penye nafasi finyu hupiga mluzi, daktari anasikia mara moja. Tundu pana damu hupita kimya kimya. Debe tupu haliachi kuvuma, na moyoni ni vivyo hivyo. Ukiambiwa mtoto ana mluzi wa moyo, usianze kulia. Watoto wengi wazima huwa nao, hasa wakiwa na homa au upungufu wa damu. Mtoto wa kuhofia zaidi ni yule anayeshindwa kunyonya.

Basi mwangalie anavyonyonya. Mtoto mwenye shida hii huanza kwa pupa kama mwenye njaa. Dakika mbili tatu anaachia, anahema, mbavu zinaingia ndani chini ya kifua. Anarudi tena, anaachia tena, na kabla hajashiba usingizi unamchukua. Nusu saa baadaye ameamka analia njaa. Kuhusu jasho, mtihani ni rahisi: mnyonyeshe alfajiri feni ikizunguka, wakati wewe mwenyewe huna jasho. Kama kipaji na utosi vinalowa hadi leso chini ya kichwa inashika maji, na ngozi ukiigusa ni ya baridi, hilo si joto la kaskazi.

Halafu hesabu pumzi. Hili linafanywa vibaya hata na watu wazuri. Mtoto awe amelala au ametulia, si mara tu baada ya kulia au kunyonya. Mfunue tumbo, maana wachanga hupumulia tumbo. Weka saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne. Pumzi za mchanga zina tabia ya kwenda mbio, kusita kidogo, kisha kwenda mbio tena, na robo dakika itakudanganya juu au chini. Chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni nyingi. Hesabu mara ya pili kuhakikisha. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, mpaka ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Hizi ndizo namba ambazo wahudumu hutumia kutafuta nimonia, na hapo ndipo kosa la pili huzaliwa: mtoto wa moyo hupewa dawa ya nimonia, anapata nafuu kidogo, wiki tatu baadaye yuko kliniki tena. Nimonia ya mara ya pili au ya tatu kabla ya mwaka, uliza kwa upole, "Daktari, moyo umeangaliwa?"

Shahidi mwingine ni kitabu cha kliniki. Katika miezi ya mwanzo mtoto huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari wa uzito ukilala huku ule wa urefu ukiendelea kupanda, chakula kinaliwa na kazi ya moyo. Ile ziara ya chanjo ya wiki sita, mwambie muuguzi haya yote, na kama una namba za pumzi ziandike kwenye karatasi. Nesi mwenye foleni ya akina mama arobaini atasoma karatasi kabla hajasikiliza hadithi. Na chanjo zenyewe mtoto wa moyo anazihitaji kuliko mwenzake, ile ya kuzuia nimonia hasa.

Rangi ni habari nyingine. Kasoro nyingine hazipeleki damu nyingi mapafuni. Huizuia isifike, au huchanganya damu chafu na safi, na mtoto anakuwa na ubuluu. Kwa ngozi zetu usiangalie midomo wala kucha. Viganja na nyayo za mchanga zinaweza kuwa buluu kwa baridi tu. Angalia ulimi na fizi, mchana, karibu na mlango, kwa sababu taa nyeupe za ndani hubadilisha rangi. Bora zaidi ni kipimo cha oksijeni cha kubana: mtoto akiwa na saa 24 na kuendelea, kinawekwa mkono wa kulia na mguu mmoja. Ikisoma 95 au zaidi, na tofauti ya mkono na mguu isizidi 3, amepita. Chini ya 90 popote pale, hasubiriwi. Katikati ya hapo, kipimo hurudiwa baada ya saa moja. Mguu uwe na joto, mtoto asiwe analia, na tafadhali msimpake piko vidoleni kabla ya kupimwa. Rangi nyeusi huziba mwanga wa kipimo.

Kuna pia wale wanaoanguka ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza, mshipa fulani wa moyoni uliokuwa ukitumika tumboni mwa mama unapojifunga na kumbe ndio uliokuwa ukiwabeba. Wanapauka, miguu inakuwa baridi, hawakojoi. Hapo ni hospitali usiku huo huo, hakuna cha kusubiri kuche.

Kasoro ya ubuluu inayojulikana zaidi huitwa Tetraloji ya Fallot, mambo manne kwa pamoja: tundu la ukuta wa chini, njia finyu ya kwenda mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu, na msuli wa kulia uliokuwa mnene kwa kusukuma. Mtoto mwenye kasoro hii anaweza kuwa na siku nzuri kabisa, kisha asubuhi moja baada ya kulia au kujisaidia anahema kwa nguvu, anazidi kuwa mweusi-buluu, halafu analegea. Huku Pwani tunaambiwa ni nyuni, au degedege. Degedege la homa huanza na kukakamaa na kurusharusha viungo. Hapa kuhema na rangi hutangulia. Mkunje magoti mpaka yaguse kifua, mlaze begani ukiwa umemshika hivyo, umtulize. Kukunja huko huongeza ukinzani mwilini na kulazimisha damu ipite mapafuni. Mtoto mkubwa hulijua hili mwenyewe, utamuona akichuchumaa katikati ya mchezo. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu. Kisha hospitali, hata kama ametulia. Kati ya Januari na Machi, joto likizidi, mpe maziwa au, kama ameanza kula, maji mara kwa mara; upungufu wa maji huzileta hizo hali mbio. Na jambo linalowapita wengi: kwa mtoto wa buluu, kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) cha 11 kinachosomeka kuwa kizuri kwa mwenzake ni kidogo. Huenda anahitaji madini ya chuma.

Turudi kwa yule wa tundu kubwa, maana yeye ndiye anayekaa nyumbani miezi akisubiri. Maziwa ya mama yana kama kalori 67 kwa mililita 100. Mtoto mzima wa kilo 4 akinywa mililita 600 kwa siku anapata kalori 400, zinamtosha. Wa moyo anahitaji kama 120 hadi 150 kwa kila kilo, yaani 480 hadi 600, na nguvu ya kunywa zaidi hana. Ndiyo sababu kumwambia mama "nyonyesha zaidi" hakusaidii. Kinachosaidia ni kunyonyesha kila saa mbili au tatu, kusimamisha kwenye dakika 20 hadi 30, na kilichobaki kumpa kwa kikombe kidogo au mrija wa puani. Ukikamua, weka kando maziwa ya mwanzo na umpe ya mwisho, yana mafuta zaidi. Kuongeza unga wowote kwenye maziwa ni kazi ya mtu wa lishe wa hospitali. Uji wa miezi miwili, hapana.

Dawa ya kwanza huwa ya kupunguza maji, furosemaidi, ambayo wengi huiita Lasix. Tembe ya miligramu 40 ikiyeyushwa kwenye mililita 10 za maji, kila mililita moja ina miligramu 4. Kinachoharibika ni kimoja kila siku: unga hutuama chini, mama anavuta maji ya juu, mtoto anapata maji matupu. Koroga, vuta kwa sirinji papo hapo, mwaga kilichobaki. Kijiko cha chai si kipimo. Dozi hupangwa kwa uzito, kwa hiyo mtoto akiongeza kilo na dozi ikabaki ile ile, taratibu anaanza kuhema tena. Akiharisha au kutapika, piga simu kabla ya kumpa.

Kusubiri kuna mwisho wake. Mapafu yakipigwa na damu nyingi mwaka baada ya mwaka, mishipa hukakamaa, damu inageuka njia, na tundu halifungiki tena. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down, ambaye karibu nusu ya wenzake wana kasoro ya moyo, hufika huko mapema zaidi. Eko yake, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ifanywe akiwa mchanga, hata kama anaonekana mzima.

Upasuaji wa kufungua moyo wa watoto hufanywa zaidi Nairobi, Kenyatta na Mater, au Tenwek kule Bomet. Mambo mawili hurudisha familia Mombasa mikono mitupu: kikohozi na jino bovu, kwa sababu vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu na kukaa moyoni. Meno yaangaliwe mwezi mmoja kabla. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe sasa, mtoto aingizwe SHA, bima ya afya ya serikali, sasa, si tarehe ya kulazwa ikishatoka. Na kumbukeni Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mtoto wa buluu anayesoma oksijeni 82 Kisauni hapa Mombasa anaweza kusoma chini ya hapo akishuka Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, kwa hiyo muulizeni daktari kabla ya kukata tiketi, bebeni namba zake za Mombasa zimeandikwa, na kipimo cha oksijeni kiwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.