Kufunga LPG kwenye gari la petroli la zamani ukiwa Mwanza: piga hesabu kabla ya kutoboa bodi

Anayetaka kufunga gesi kwenye gari huanza kwa kuuliza bei ya vifaa. Kwa mtu wa Mwanza hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: utajazia wapi?

Wengi wanachanganya gesi mbili. Bajaji na teksi za Dar es Salaam zinazotembelea gesi zinatumia gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, inayobanwa kwenye mtungi mnene kwa presha ya bar 200 hivi. Bomba lake linatoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Huku Kanda ya Ziwa halifiki. LPG ni kitu kingine kabisa. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ile ile ya jikoni, nayo hugeuka kimiminika kwa presha ndogo tu, mara nyingi chini ya bar 10. Kwa kuwa husafirishwa kwa lori, ipo kuanzia Igoma hadi Nyegezi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Duka la mitungi si kituo cha kujazia gari. Kituo ni kile chenye leseni, pampu, mita na mpira wa kujazia unaoshika kwenye kinywa cha tangi la gari. Kama hujakiona kwa macho yako kwenye njia unayopita kila siku, usiulize fundi anauzaje. Tunza hela yako.

Na mtungi wa jikoni kwenye buti? Hapana, na sababu si woga. Mtungi ule ukiwa umesimama hutoa mvuke wa juu, wakati mfumo wa gari unahitaji kimiminika cha chini. Kuvukiza kilo 1 ya LPG kunahitaji joto la kilojuli 400 hivi. Jiko linachukua gesi kidogo kidogo, kwa hiyo mtungi unapata joto hilo kwenye hewa inayouzunguka. Injini ikivuta kilo 5 kwa saa, mtungi unaganda, presha inashuka na gari linazima mlimani. Ukiulaza ili utoe kimiminika, umebaki huna vali ya kufunga gesi mpira ukikatika, wala boksi la kutoa harufu nje ya gari. Kuhamisha gesi kutoka mtungi wa jikoni kwenda tangi la gari nyumbani ni hatari zaidi, maana hakuna kinachokuzuia kupita asilimia 80 ya tangi, ambayo ndiyo kikomo cha kujaza. Kimiminika kinatanuka kwa joto. Tangi lililojaa pomoni, gari likaachwa juani Mabatini mchana kutwa, halina pa kupumulia. Zaidi ya hayo, kujaza gesi bila leseni ni kosa.

Tuseme pampu umeipata. Sasa hesabu. Petroli inauzwa kwa lita, gesi mara nyingi kwa kilo. Lita 1 ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, kilo 1 ya LPG ina 46. Kazi ya lita 1 ya petroli inafanywa na kilo 0.7 ya gesi. Chukua bei ya kilo, zidisha kwa 0.7, kisha linganisha na bei ya petroli ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Soma mstari wa Mwanza, si wa Dar es Salaam. Ukitajiwa bei ya gesi kwa lita, zidisha kwa 1.3, kwa sababu lita ya LPG ina uzito wa nusu kilo na kidogo tu. Anayekuonyesha bei ya lita kwa lita bila kuzidisha, anakuuzia maneno.

Kwa mfano wa hesabu tu: petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita na gesi 3,500 kwa kilo, gesi inayofanya kazi ya lita moja ni shilingi 2,450. Umeokoa 550. Toa kidogo, maana gari huwaka kwa petroli hadi injini ipate joto, weka 500. Toyota IST ya kwenda kazini na kurudi, kilomita 1,500 kwa mwezi kwa lita 10 kila kilomita 100, inakula lita 150. Umeokoa 75,000 kwa mwezi. Mfumo ukigharimu milioni 2, utarudisha hela yako baada ya miezi 27, kama hakuna kilichoharibika. Mchomoko, gari dogo la abiria, unaopiga kilomita 4,000 kwa mwezi, lita 12 kwa kilomita 100, unakula lita 480 na kuokoa 240,000. Miezi tisa imemaliza. Weka namba zako mwenyewe, lakini picha haibadiliki sana: gesi ni ya anayetembea sana. Safari fupi fupi za Kirumba hadi mjini zinaisha wakati gari bado liko kwenye petroli.

Kabla ya hesabu hiyo, pima gari lako linakula kiasi gani kweli. Jaza hadi pampu ikate, tembea, jaza tena pampu ile ile, gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Fanya mara tatu. Ukikuta IST inakula lita 13, hiyo si kazi ya gesi, ni kazi ya plagi, filta ya hewa, oksijeni sensa au themostati. Rekebisha hivyo kwanza. Wapo watakaopata nusu ya akiba waliyoitafuta bila kufunga kitu chochote.

Hiyo themostati ndiyo inayoua mifumo mingi ya gesi kwenye magari yetu. Fundi aliing'oa miaka mitano iliyopita gari lilipochemsha, akasema huku kwetu kuna joto, haihitajiki. Kwenye gesi inahitajika. Regyuleta ya LPG inapata joto la kuvukiza gesi kutoka maji ya rejeta; kontroboksi ya mfumo wa gesi haihamii gesi hadi maji yafike nyuzi 40 hivi, na regyuleta inafanya kazi vizuri maji yakiwa moto sawasawa. Injini isiyo na themostati inachelewa kuhama, na ukikanyaga sana ikiwa bado ya baridi, gesi inapita ikiwa kimiminika, mpira wa ndani unakakamaa na kupasuka. Maji ya bomba au ya ziwa nayo yana kazi yake: kutu inaziba tundu dogo la maji la regyuleta. Safisha rejeta, rudisha themostati, weka kulanti. Mpira wa maji unaokwenda kwenye regyuleta upite chini ya usawa wa maji ya rejeta, la sivyo hewa inakaa humo na regyuleta inaganda hata injini ikiwa ya moto.

Injini yenyewe: pima kompresheni silinda zote, injini ikiwa ya moto na mguu umekanyaga hadi chini. Tofauti ikizidi bar 1 kati ya silinda na silinda, acha wazo la gesi. Ukiona moshi wa bluu, acha pia. Gesi haiponyi injini iliyochoka.

Kisha vali, na hapa nitakaa kidogo. LPG inaingia silinda ikiwa mvuke mkavu, haipoozi vali kama petroli inavyofanya inapovukia kwenye njia ya kuingilia. Mchanganyiko ukiwa mwembamba, yaani gesi kidogo kwa hewa nyingi, vali za kutolea moshi zinapata joto kali na siti zake, pale vali inapokaa ikifunga, zinalika polepole. Siti ikilika, vali inapanda na nafasi ya tapeti, ule upenyo kati ya vali na kinachoisukuma, inapungua, hadi siku vali haifungi vizuri, kompresheni inatoroka, vali inaungua. Ubaya wake ni kwamba haipigi kelele. Tumezoea tapeti inayolia kuwa ndiyo mbovu. Kwenye gesi, iliyonyamaza ndiyo ya kuogopa. Kwenye 1NZ-FE, ile ya IST nyingi, nafasi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingizia na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutolea. Weka ya kutolea karibu na 0.35 kabla ya kufunga gesi. Kazi si ndogo, kwa sababu kikombe cha tapeti kinabadilishwa chote na kamshafti inatoka. Corolla za 4A-FE na 5A-FE ni rahisi zaidi, zina visahani vinavyokaa juu ya kikombe.

Ukiona D-4 imeandikwa kwenye kava ya injini, kama 1AZ-FSE, usifunge mfumo wa kawaida. Nozeli zake ziko ndani ya chumba cha moto na zinapozwa na petroli inayopita humo. Ukiikata, zinaungua. Magari ya kabureta yanakubali mfumo rahisi wa mikisa, unaochanganya gesi na hewa kabla ya kuingia injini, wa bei nafuu, ila unapunguza nguvu, na Mwanza hewa tayari ni nyepesi kwa vile tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hiace ya kubeba dagaa kutoka Mwaloni itaihisi hiyo ikiwa na mzigo. Mikisa pia inaweza kulipua moto ndani ya njia ya hewa na kupasua boksi la filta plagi au waya zikiwa mbovu, kwa hiyo kwenye injini yenye nozeli dai mfumo unaoipa kila silinda nozeli yake ya gesi.

Vifaa vikaguliwe kabla havijafungwa. Tangi liwe na chapa ya kiwango cha ECE R67 na tarehe ya kutengenezwa imegongwa kwenye chuma, si kwenye stika. Juu yake kuna vali kuu yenye kazi tano: kukata kujaza kwenye asilimia 80, kufunga kwa umeme injini ikizimwa, kufunga yenyewe bomba likikatika, kupumua presha ikifika bar 27, na kuonyesha kiasi. Tangi la duara la lita 45 linakaa shimo la spea tairi na linabeba lita 36, karibu kilo 19, sawa na lita 28 za petroli. Spea itahamia kwenye buti, na pancha njia ya Sengerema haitakusubiri. Usikubali tangi kuning'inia chini ya bodi. Mawe ya barabara zetu yataligonga. Bomba lifungwe kwa klipu kila nusu mita, mbali na ekzosi.

Plagi ziwe mpya, nafasi ya milimita 0.7 au 0.8, maana gesi inadai cheche kali zaidi. Koili iliyokuwa inavumilia kwenye petroli, kwenye gesi gari linamisi.

Siku ya kuchukua gari, usiridhike na sailensa nzuri, yaani injini kunguruma vizuri gari likiwa limesimama, hapo gereji. Fundi achomeke mashine ya kusomea injini, mtembee barabara ya Usagara kwa petroli kisha kwa gesi. Marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, yasitofautiane zaidi ya asilimia 10. Yakipanda upande wa gesi, nozeli ni ndogo au presha iko chini, na huo ndio wembamba unaokula vali. Viungo vyote vipakwe povu la sabuni, gesi ikiwa wazi.

Baada ya hapo, petroli isishuke chini ya robo tangi, kwa kuwa pampu yake ya mafuta inapozwa nayo, na kila wiki tembea kilomita chache kwa petroli nozeli zisizibe. LPG ni nzito kuliko hewa: gari linalonuka gesi lisiingie juu ya shimo la gereji, na anayechomelea bodi Nyakato aambiwe kwanza tangi liko wapi. Mjulishe pia mwenye bima yako kwa maandishi. Filta zote mbili za gesi zibadilishwe kila kilomita 15,000 hivi, na mafuta mazito yanayobaki ndani ya regyuleta yamwagwe. Kwenye kilomita 20,000 za kwanza fungua kava, pima tapeti za kutolea tena. Zikiwa zimepungua 0.05, bado una muda. Zikiwa zimepungua 0.10 au zaidi, rudi petroli hadi ujue mchanganyiko umekosewa wapi.