Tromboni Tatu na Meli ya Nansio

Meli ilitoka Nansio asubuhi, na kwa saa tatu na ushee nilikaa juu, upande wa kivuli, kati ya magunia ya dagaa na mama mwenye kuku watatu. Mimi naimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya parokia. Okestra nzima sikuwahi kuiona ila kwenye simu, na kwenye simu hata ngoma kubwa hulia kama kopo.

Mwanza nilipokewa na Mjomba, mtu wa Mwaloni, Kirumba, aliyekubali kunisindikiza kwenye onyesho la okestra kwa sharti kwamba nimnunulie sato kwanza. Nikanunua. Tukaupita mwamba wa Bismarck jua likizama, tukakuta ukumbi wa kanisa umejaa hadi madirishani.

Oboe, ala nyembamba ya kupuliza, ikatoa sauti moja ndefu, na wapiga ala kama hamsini wakaifuata, kila mtu akikaza au kulegeza ya kwake. Mjomba akapiga makofi.

"Bado, Mjomba, wanatafuta sauti."

"Basi wameipata."

Walipiga Simfonia ya Tano ya mtunzi Beethoven, muziki wa okestra wenye sehemu nne, iliyosikika hadharani mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, kwenye onyesho la saa nne hivi, ukumbini kukiwa na baridi kali. Sisi tulikuwa na joto na wadudu wa ziwani. Walifuata taa wakatua kwenye karatasi za nota. Dada mmoja wa fidla, mikono yote miwili ina kazi, aliwapuliza kwa pembe ya mdomo bila kupoteza pigo.

Kichwani niliziimba nota za mwanzo: mi mi mi do. Re re re ti. Nusura nicheke. Nota nne tu, lakini bwana yule alizigeuzageuza, akaikabidhi klarineti, akaipa ngoma, zikarudi kwenye fidla zimekasirika.

Jicho langu lilinasa nyuma, kwa watu watatu wenye tromboni, tarumbeta zile za kuvuta, magotini. Sehemu ya kwanza ikaisha, hawajazigusa. Ya pili, vilevile.

"Wale wamegombana na mwalimu?" Mjomba akaninong'oneza.

Sikuwa na jibu. Sehemu ya tatu ikafifia hadi zikabaki nyuzi tu, na ngoma ya timpani ikigonga chini chini kama injini ya mtumbwi inayosikika kwa mbali usiku. Kisha, bila kusimama, sehemu ya nne ikapasuka na wale watatu wakainua tromboni zao. Benchi lilitetemeka. Mjomba akanishika mkono, mtu ambaye hata msibani hanishiki.

Besi wetu wakiwekewa mapumziko ya vipimo vinane hununa wiki nzima. Kwa hiyo kesho yake, nikiwa melini narudi, niliwaandikia kwenye kundi la WhatsApp habari za wale watu: sehemu tatu kimya, dakika ishirini na zaidi, ndipo wakapiga.

Besi mmoja akajibu papo hapo: "Na posho walipewa sawa?"