Kamba ya Ndoo

Juzi usiku binti yangu kaja na daftari lake, kasimama mlangoni mwa jiko. "Mama, tumeambiwa tuchague ngano moja tuisimulie kwa namna yetu. Nichague ipi?" Nilikuwa nakuna nazi, mkono ukanisita. Nikamwambia angoje nimalize. Akangoja mpaka usingizi ukamchukua.

Mimi niliulizwa hilo hilo Pemba, kidato cha pili, msimu wa karafuu, kabla waya wa umeme haujavuka bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka ngano tuliyoisikia nyumbani, lakini tuivishe nguo zetu wenyewe. Darasa karibu zima likamkimbilia Sungura, waliobaki wakagombania Abunuwasi. Mimi nikamchukua Mkama Ndume.

Wapemba mnamjua. Kwa wengine: ni mtawala wa Pujini, upande wa Chake Chake, na magofu ya ngome yake ya karne ya 15 yapo hadi leo. Jina lenyewe ni mkamua wanaume, maana inasemwa aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Lakini mimi mawe sikuyataka, nilitaka kisima. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiotazamana, basi akakigawa kisima kwa ukuta. Mmoja alishuka ngazi mpaka kwenye maji. Mwenziwe alisimama juu, upande wa pili, akiteka kwa ndoo na kamba. Ngano inaishia hapo. Walisemeshana? Hawakusemeshana? Pale pasiposemwa kitu ndipo nilipoona pana nafasi yangu. Nikampa sauti yule anayeshuka ngazi, mke mdogo, nikajaza kurasa tano.

Bibi alikuwa ukumbini, kakunja miguu juu ya jamvi, kibatari ubavuni, anachambua karafuu za siku ile. Alikuwa akishika kishada, anakikandamiza kwenye kiganja cha pili, anazungusha mara moja tu: karafuu zinamwagika kulia, makonyo yanakwenda kushoto. Vidole vilikuwa vimeshaingia weusi na mafuta. Nikakaa karibu na mwanga, nikamsomea. Mikono ilikwenda, ikaenda, halafu nikasikia kimya. Nilipoinua macho kishada kilikuwa bado kiganjani, hakijazungushwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Huyu wa chini umempa maneno mengi. Wa juu mbona bubu?"

Nikamwambia sikujua aseme nini.

"Hasemi. Anasikiliza. Aliye juu anasikia kila kitu, mwanangu. Anajua mwenziwe kafika ngazi ya ngapi. Anajua kama ana mimba, kwa pumzi zake tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokijua siku zote. Bibi alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo wa babu alikaa nyumba ya pili, ua mmoja, na alishafariki mimi ningali mtoto. Kisima kilikuwa kimoja, nacho hakikuwa na ukuta.

Akakizungusha kile kishada, karafuu zikaanguka. "Siku moja kamba yangu ilikatika, ndoo ikazama. Nimesimama pale sina la kufanya, na kumwita sitaki. Akatoka kwake na kiopoo. Akaiopoa, akaiunga kamba kwa fundo, akaniwekea ndoo ukingoni, akarudi ndani. Hakusema neno. Na mimi ahsante haikunitoka." Akanyamaza kidogo. "Nimeteka kwa kamba ile mpaka ikaoza. Fundo lake sikulifungua."

Kibatari kilikuwa kinafuka, akapunguza utambi kwa vidole vile vile vya mafuta.

"Hilo usiliandike."

Nikaitikia.

Usiku ule ule nikaliandika. Kamba ikakatika pale Pujini, mke mdogo akaacha mtungi wake, akapanda ngazi, akazunguka ukuta, akafunga fundo. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa na kuna msichana alilia. Bibi hakuniuliza nilipata alama ngapi. Kaondoka duniani hajauliza, na mimi sijamwambia.

Nimejitetea miaka yote hii kwamba wake wa Mkama Ndume ni wa kila mtu, hakuna atakayemjua bibi yangu humo. Ngano niliichagua mimi, hilo nina hakika nalo. Fundo sina hakika. Kuna siku naona alinipa makusudi, kwani alijua nina kalamu mkononi, na mtu mzima wa Pemba hamwambii mtoto habari za ukewenza bila sababu. Kuna siku naona alikuwa amechoka tu, usiku umeingia na karafuu bado nyingi, likamtoka. Na sasa nimeliandika tena hapa.

Jana asubuhi, wakati wa chai, nikamsimulia binti yangu Mkama Ndume: mawe, wake wawili, ukuta, ngazi, ndoo. Nikaishia pale anapoishia kila mtu. Akatafuna mkate wake, anafikiri.

"Na yule wa juu, ndoo yake ikimtumbukia, inakuwaje?"

Gari ya skuli ikapiga honi nje. Nikamwambia avae viatu.

Jioni alirudi na daftari, akakaa mbele yangu na kalamu, akaniuliza tena.