Tsuki ga Kirei na kanga isiyopindwa

Kijana anayenisaidia kazi hapa dukani ndiye aliyeniletea anime hii, yaani tamthilia ya katuni ya Kijapani. Anajua nikiwa na kazi za usiku napenda pawe na sauti karibu, na redio yangu imekufa spika tangu mwezi wa mfungo. Akaniwekea kwenye simu, akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akasema, "Fundi, hii ya mapenzi. Ila hao wawili waoga! Sehemu ya kwanza inaisha hawajaambiana la maana. Mimi nimeshindwa."

Kumbe huwezi kuishonea. Wanazungumza Kijapani, tafsiri ya Kiingereza inapita chini, na maneno yenyewe ni machache. Ukiinamia sindano dakika moja umekosa kila kitu, maana kilichotokea ni yule binti kugeuza macho. Usiku ule niliacha sketi sita za shule hazijapigwa marinda. Nikazima taa ya cherehani, nikakaa.

Inaitwa Tsuki ga Kirei, yaani mwezi unapendeza. Ni sehemu 12, ilioneshwa Japani kuanzia Aprili hadi Juni 2017, kazi ya studio inayoitwa feel., mwongozaji ni Seiji Kishi. Haikutolewa kwenye manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, wala riwaya, iliandikwa kwa ajili ya televisheni moja kwa moja, na ndiyo maana ina mwanzo na ina mwisho. Sehemu 12 na wamemaliza walichotaka kusema.

Mvulana ni Azumi, msichana ni Mizuno. Wako mwaka wa mwisho wa shule ya kati, wana miaka 14 au 15 hivi, na mwaka huo ndio wamepangwa darasa moja. Azumi anataka kuwa mwandishi wa riwaya, anasoma vitabu vya Dazai, mwandishi wa Kijapani, na akikasirika au akifurahi akiwa peke yake chumbani anapiga ngumi kamba ya kuwashia taa, kamba inayumba huku na huku, anaipiga tena. Mizuno ni mkimbiaji wa mita 100. Ana mwanasesere mdogo laini mwenye umbo la kiazi kitamu, na akiwa na wasiwasi anamminya. Mji wao ni Kawagoe, mkoa wa Saitama, kama kilomita 30 kutoka katikati ya Tokyo: maduka ya zamani yenye kuta nene nyeusi, mnara wa kengele uliojengwa kwa mbao, na viazi vitamu ndiyo sifa ya mji. Kwa hiyo hata huyo mwanasesere wa Mizuno ni mtoto wa pale pale.

Nataka nieleze hapo kwenye kuminya, kwa sababu mimi kazi yangu ni mikono na nimezoea kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Mteja akiniambia gauni limemkaa vizuri huku vidole vinavuta kwapa, najua halijamkaa. Waliotengeneza anime hii wanalijua hilo. Mizuno akiwa mbele ya Azumi uso wake unatulia kabisa, anaitikia "mm" na "ndiyo", lakini chini mkono umeshika kile kiazi, kidole gumba kinazama, kinatoka, kinazama. Hakuna muziki unaokuambia sasa ana hofu, wala sauti ya moyoni inayokueleza. Unaona pamba inavyobonyea, basi. Mwanasesere huyo anapotea, Azumi anamtafuta mpaka anampata na kumrudishia, na kwangu mimi hapo alikuwa ameshasema, siku nyingi kabla mdomo haujafunguka.

Mdomo unafunguka mwisho wa sehemu ya 3. Ni usiku, wako wawili, mwezi uko juu. Wajapani wana hadithi kuhusu Natsume Soseki, mwandishi wao mkubwa aliyefariki 1916. Inasemekana alipokuwa akifundisha Kiingereza aliwaambia wanafunzi kwamba Mjapani hawezi kumwambia mtu "nakupenda" hivi hivi, watafsiri tu "mwezi unapendeza, sivyo?", mwenye kuelewa ataelewa. Hakuna andishi lake linalothibitisha kuwa alisema hivyo, lakini hadithi imeishi, na jina la anime limetoka huko. Azumi mpenda vitabu anaijua. Hadithi inampitia kichwani pale pale chini ya mwezi. Halafu kinachomtoka ni neno la wazi ambalo vijana wa kwao hulitumia kuombana uchumba, tuwe pamoja. Linamtoka kama mtu aliyejikwaa. Binti anashtuka, anasema "eh?", na sehemu inakatika.

Kwao jambo hilo lina jina, kokuhaku. Ni kutamka rasmi kwamba nakupenda na naomba tuwe pamoja, na mpaka litamkwe na kujibiwa, hata mkitembea pamoja kila siku bado hamjawa kitu. Ndiyo sababu anime za mapenzi zinalizunguka sana. Nyingi zinaliweka mwisho kabisa, unasubiri sehemu 24, wanasema, taa zinazimwa. Kijana wangu amezoea hizo, ndiyo maana alikuwa ananiuliza, "Si amwambie tu, fundi? Neno moja!"

Amemwambia. Sehemu ya 3 kati ya 12, robo ya safari. Na mimi niliipenda anime hii kuanzia hapo, kwa sababu zile robo tatu zilizobaki zinaonyesha ugumu ambao sijaona mtu akiuonyesha: namna ya kuzungumza na mtu ambaye ameshajua. Kabla hujasema, mnaweza kupiga soga za mvua na mitihani. Ukishasema, hata "habari za asubuhi" inakuwa nzito. Mizuno anaomba muda wa kufikiri. Shule inakwenda ziara Kyoto, wamepanga kukutana, mwalimu anamnyang'anya Azumi simu. Simu ndiyo ilikuwa mdomo wao! Darasani hawathubutu kutazamana, lakini usiku kwenye LINE, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, wanaandikiana, wanafuta, wanaandika upya, wanakaa wakiitazama ile alama inayoonyesha kwamba ujumbe umesomwa na jibu halijaja. Simu imechukuliwa, mvua inanyesha, binti anasubiri hajui mwenzake yuko wapi. Wanapopatana mwishowe, Mizuno ana hasira, na chini ya hasira kuna neno moja tu: nataka tuzungumze zaidi. Hakusema nakupenda pia. Alisema nataka tuzungumze. Nilisimamisha simu hapo nikatoka nje kupunga upepo.

Kuna wanaosema hawa watoto wanachosha. Mimi nasema mtazame Nishio, rafiki yake Mizuno. Yeye anampenda Azumi na anamwambia, kwa ujasiri, uso kwa uso. Anajibiwa hapana. Hira naye, mkimbiaji mwenzake Mizuno, anamwambia Mizuno ya kwake, anajibiwa hapana. Kusema wanajua. Kwa hiyo wenye kuona tatizo lote ni kukosa ujasiri wa kutamka waniambie, hawa wawili walikosa nini?

Na sasa niseme la kwangu, kwa sababu bila hilo nisingeandika.

Mwaka 2014 nilikuwa nimepanga kibaraza Ngamiani, Tanga, cherehani moja ya kukanyaga na benchi. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akikopesha kanga maofisini. Kanga inakuja doti, vipande viwili vimeungana, lazima ukate katikati na kupinda ncha. Yeye alikuwa anawapelekea wateja wake zikiwa zimeshapindwa, ndiyo ilikuwa sifa yake, na mimi ndiye niliyekuwa nampindia. Kila wiki doti nane, kumi, kumi na mbili. Anaziweka mezani, anasema, "Fundi, nazipitia kesho saa kumi." Namwambia, "Inshallah dada." Anaondoka. Mwaka mzima, Fundi na Dada.

Nikizikunja nasoma majina. Mfanyakazi wa kanga anasoma kupita mwalimu. Wiki moja alileta nyingi za jina moja, "Mapenzi ni kikohozi hayafichiki", na nilizikunja zote jina likitazama ndani kwa sababu sikutaka anikute nazo zimefunguka mezani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Ndiyo maana Azumi akiipiga kamba ya taa mimi sicheki.

Nikaamua nimpe kanga. Sasa utampa kanga muuza kanga? Mwanamke mwingine unaweza kumpa ukajificha nyuma ya rangi, ukasema niliona imependeza tu. Huyu anajua jina la kila doti iliyoingia mjini mwaka ule. Nikaenda duka ambalo si lile analonunulia yeye. Mama wa dukani alinitazama navuta moja narudisha, navuta nyingine narudisha, akaniuliza, "Mwanangu, unamnunulia mama au unamnunulia mtu?"

Nikasema, "Mtu."

"Basi acha kutazama maua. Soma."

Nikasoma mpaka adhana ya alasiri. Nilichukua yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Nyekundu na nyeusi, pindo la korosho. Nikakaa nayo wiki mbili kwenye droo ya nyuzi. Siku moja alikuja kuchukua mzigo, bodaboda inamsubiri na injini inaunguruma, nami mikono ikafanya kitu ambacho kichwa kilikuwa kimekataa kwa wiki mbili: nikaichomeka katikati ya mzigo wake, nikafunga kamba, nikampa.

Kesho yake alirudi, na haikuwa siku yake ya kuja. Aliiweka mezani.

"Fundi, nilikuletea doti kumi na mbili. Umenirudishia kumi na tatu." Kisha akafungua ncha, akanionyesha. "Na hii hujaipinda."

Kweli, sikuipinda. Nilikuwa nimepinda mamia ya kanga za watu kwa ajili yake, na ile moja niliyomnunulia niliitoa mbichi, nyuzi zinaning'inia. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nilikuwa nayo tangu zamani, yamepangwa. Hakuna hata moja lililokuja. Nikasema, "Nilitaka urudi."

Akalisoma lile jina, ingawa nina hakika alikuwa ameshalisoma nyumbani. Akaikunja mara mbili. Akaisogeza kwangu. "Basi ipinde," akasema, na akakaa kwenye benchi.

Sijawahi kupinda kanga taratibu kama ile. Ni kazi ya dakika chache, mimi nilikwenda nusu saa na uzi wa bobini ulikatika mara mbili. Hatukuzungumza. Alikuwa akitazama barabarani na kidole chake kilikuwa kinafuata ufa wa mbao kwenye benchi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alipoondoka alisema jina langu. La nyumbani, ambalo sikujua kama analijua. Azumi na Mizuno nao wanaanza kwa kuitana majina ya ukoo kama Wajapani wote wasiozoeana, na yale ya kwao wenyewe wanayafikia baadaye sana, kwa woga ule ule. Wenzangu wanaoitazama wanapita hapo haraka. Mimi najua siku ile ilikuwa na uzito gani.

Mapungufu inayo. Watu wa nyuma, wale wapita njia, wametengenezwa kwa kompyuta na wanatembea wamekakamaa, wanakutoa kabisa kwenye sherehe ya Kawagoe, ile ya Oktoba yenye magari makubwa ya mbao, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016 pamoja na sherehe nyingine za namna hiyo. Inauma kwa sababu sherehe ndiyo mahali Azumi anacheza ngoma ya jadi akiwa na kinyago, na huyu mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, akifunikwa uso mwili wake wote unasema. Vile vichekesho vifupi vya mwishoni kuhusu wanafunzi wengine mimi naviruka.

Ila majina ya watengenezaji yakianza kupita, usiruke. Kila sehemu, pembeni, zinapita jumbe za simu za wapenzi wawili. Utadhani ni mapambo. Sitasema ni za nani na za lini, sehemu ya mwisho itakuambia. Nitasema tu kwamba Mizuno anahamia mkoa mwingine, Chiba, kwa sababu ya kazi ya baba yake, kwamba Azumi anajaribu kuingia shule ya huko na anafeli, na kwamba nilipofika mwisho nilirudi sehemu ya kwanza kusoma zile jumbe upya, moja baada ya moja.

Mara ya pili nimeitazama na mke wangu. Alikuwa anashona vifungo vya mashati ya watoto, akaacha sindano imechomekwa kwenye kola. Hakusema kitu mpaka jumbe zilipoanza kupita na mimi nikanyoosha mkono kuzima simu, usiku ulikuwa umekwenda.

"Irudishe," akasema. "Sijamaliza kusoma."